Barua za Mkono wa Mwingine

Msomaji, Fundi tulimwacha kashika pazia la Wodi ya Tatu, na nyuma ya pazia hilo mwanamke anacheka kwa chini. Wiki nzima kasimama pale pale, mkono umemfa ganzi. Tumwache avute.

Lakini kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, sogea nikunong'oneze upesi. Fundi ni binti anayeshona magwanda ya jeshi kwenye karakana ya mjini. Mchumba wake aliitwa Seremala kabla ya vita, na hata jeshini jina hilo limemng'ang'ania. Vita hivi ni vya ndugu kwa ndugu: reli imeikata nchi vipande viwili, na aliyeko ng'ambo ni adui hata kama mlinyonya ziwa moja. Seremala aliumia mkono wa kulia, akalazwa hospitali ya jeshi. Barua zake hazikukoma. Ila zilianza kuja kwa mwandiko mwingine, safi, wa kuinamia upande mmoja, na kwa maneno matamu ambayo Seremala hakuwahi kuyatamka hata enzi zile alipokuwa akimvizia Fundi mlangoni mwa karakana akijifanya amepotea njia.

Fundi hakuhitaji mpiga ramli. Kuna mwanamke, alijiambia. Anamwandikia mchumba wangu, na katikati ya mistari anajiandikia mwenyewe. Ndipo alipodandia lori linalopeleka magwanda, hajamuaga msimamizi wala shangazi anayeishi naye, akaja kumwona huyo nesi kwa macho yake.

Basi akavuta.

Karibu kabisa na pazia palikuwa na vitanda viwili. Kwenye cha kwanza alikuwepo Seremala, amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani mwa nesi, na nesi alikuwa akikata bendeji kwa mkasi, kicheko bado hakijamkauka mdomoni. Alimzidi Fundi umri kidogo. Sare yake ilififia kwa kufuliwa, na macho yake yalikuwa mazito kwa kukosa usingizi. Hakuwa mzuri sana. Hilo ndilo lililomuudhi Fundi zaidi.

Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno, makali nyuma ya makali. Yote yakamponyoka.

"Dada," akauliza, "ni wewe unayeniandikia?"

Nesi akampima kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani. Akajibu kwamba ana wagonjwa wodi nzima na hana nafasi hata ya kujikuna, sembuse ya kuandikia wachumba wa watu.

Wakati huo huo, kwenye kitanda cha pili, kitu kilichakarisha. Mtu mwenye ndevu, mguu mmoja umefungwa bendeji nene na mwingine umefungwa mnyororo kwenye chuma cha kitanda, alikuwa akiisukumiza karatasi chini ya paja. Hakuwahi. Fundi alishayaona maandishi, yameinama yote upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo.

"Ni mimi, shemeji," yule mtu akasema. "Unisamehe."

Fundi alitafuta pa kukaa, hakupaona, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Aliyekuwa akimchukia kwa miezi, aliyemwota na kucha zake nyekundu na marashi yake, alikuwa dume zima lenye ndevu, tena mateka, tena la ng'ambo ya reli.

Alicheka. Alicheka mpaka machozi, na Seremala naye akaanza kucheka, na kwa dakika hiyo moja ningekuwa mtunzi mwema ningeandika "mwisho" nikaweka kalamu chini. Lakini kicheko cha Fundi kilikatika katikati, kwa sababu mkono wa Seremala sasa ulikuwa wazi, bendeji imeondoka, na vidole viwili havikuwepo.

Seremala akauficha chini ya shuka upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Akaeleza huku akitazama ukuta. Alisema hakutaka ajue kwa barua. Seremala asiyeweza kushika randa ni mtu gani? Na kwa mkono wa kushoto alijaribu kuandika, ikatoka kama kuku kapita kwenye majivu. Jirani yake wa kitanda alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuvishwa gwanda upande wa pili. Kwa hiyo yeye alisema, na Mwalimu aliandika, kisha Mwalimu aliisoma barua nzima kwa sauti ili mwenyewe asikie na akubali. Ikafika mahali majeruhi wote wa pembe ile wakawa wanangoja siku ya barua kama wangojavyo chakula. Ni marufuku mateka kushika penseli, lakini nesi alijifanya haoni.

"Usinitazame hivyo," Seremala akamalizia. "Mkono mmoja bado ninao."

Fundi aliushika huo mmoja, akaubusu mbele ya watu, yeye ambaye hata kushikwa bega barabarani hakuwahi kukubali. Na hapo hapo, akiwa bado ameinama, akauachia. Alikumbuka alichofanya kabla ya kupanda lori.

Msomaji wa zamani unajua. Alimwandikia Kapteni, mkuu wa hospitali. Alisema katika Wodi ya Tatu yupo mtu anayeandika barua za wanajeshi na kutia maneno yake mwenyewe, na kwamba mtu huyo ahamishwe apelekwe mbali, jeshi lisichezewe. Jina hakulitaja kwa kuwa hakulijua. Alidhani anamwondoa nesi. Alijisifu hata kwa shangazi yake kwamba nyoka hupigwa kichwani.

Sasa kichwa cha nyoka kilikuwa na ndevu na mnyororo mguuni.

Alitaka kusema pale pale. Alifungua mdomo. Lakini ni nani anayependa kujitangaza mjinga mbele ya mchumba aliyempoteza kwa miezi na kumpata kwa dakika? Akajiambia huenda barua haijafika. Barua za siku hizi hupotea, mbona zake za mapenzi zilipotea nyingi tu. Akaufunga mdomo, na Mwalimu, kwa adabu ya watu wa chaki, akamsaidia kupitisha kimya kile kwa kuuliza kama ile cherehani yake bado inaruka mishono.

Fundi akashtuka. Alijuaje?

Alijua kwa sababu Seremala kusoma anasoma, lakini kwa kutambaa, na barua za Fundi zilikuwa ndefu. Mwalimu ndiye aliyezisoma. Alijua habari za cherehani. Alimjua msimamizi anayepima magwanda kwa jicho na kuapa kwamba futi ni ya waoga. Alimjua shangazi anayewasalimia wachumba wote wa zamani wa Fundi kwa jina ili wa sasa asijisahau. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, na kila alichokisema kilimkuta Fundi mahali pa kuchekea. Alijibu. Akaongezea. Akamweleza ya juzi, jinsi msimamizi alivyopima kwa jicho suruali ya kanali, na kanali akashindwa kukaa kwenye karamu.

Seremala aliyafuata maneno yale kama mtu anayetazama wengine wakicheza karata zake. Akamtazama Mwalimu. Akamtazama Fundi. Kicheko kile alikuwa amekiwaza mahandakini usiku na mchana, na sasa kimefika, kimekaa kitanda cha jirani.

Wivu, msomaji, ni kama kunguni. Ukifukuzwa kwenye godoro lako unahamia la mwenzako.

Akamwuliza Fundi, kwa upole uliozidi, kati ya barua zote ni ipi iliyompendeza kupita zote.

Fundi hakuuona mtego. Alisema ni ile ya nyayo, na akaitamka kwa moyo, amefumba macho: "Nikisikia nyayo zako zinapita, wengine wote wananyamaza kichwani mwangu. Sithubutu kuita. Nahesabu tu, na zikiisha naanza kuzingoja upya."

Nesi alikuwa amekwisha kufunga bendeji mpya. Akainama kuokota pamba sakafuni, akakawia huko chini.

"Hayo sikuyasema mimi," Seremala akasema.

Mwalimu akaeleza kwamba aliyavisha nguo tu, maana mwenzake alikuwa amesema "mwambie namkumbuka."

"Nilisema namkumbuka. Kwa hiyo ungeandika nakukumbuka."

Fundi akaanza kusema kwamba ni yale yale. Hayakuwa yale yale, na wote wanne walijua. Alilala na barua ile chini ya mto. Aliisoma mpaka karatasi ikachakaa mikunjoni. Na sasa hakujua amtazame nani akiikumbuka.

Kabla hajaamua, viatu vya buti viligonga sakafu ya wodi, na majeruhi wenye uwezo wa kukaa wakakaa.

Kapteni alikuwa mtu mfupi aliyepangika, kila kifungo mahali pake. Mkononi alishika karatasi, na Fundi akautambua mwandiko wake mwenyewe, ule wa duara duara, kutoka mwisho wa chumba. Nyuma yake waliingia askari wawili.

Hakupiga kelele. Aliinua shuka la Mwalimu kwa ncha mbili za vidole, akachukua karatasi, akachukua na penseli, akaisoma barua ile iliyoishia katikati. Kisha akaeleza, kama mtu anayesoma bei sokoni, kwamba mateka anayeandika barua zinazotoka hospitali ya jeshi kwenda mjini ana jina lake, na jina hilo ni mpelelezi. Kilichobaki ni kujua jambo moja tu. Kama aliandika kila neno alivyoambiwa na askari, kosa ni la kushika penseli na ataadhibiwa kwa hilo tu. Kama alitia yake, basi hakuna ajuaye yake ni yapi na yalikuwa yakimfikia nani.

Akamgeukia Seremala.

"Kila neno lilikuwa lako?"

Hapo palihitajika neno moja. Ndiyo. Mtoto wa chekechea angelisema. Seremala alilijua, ulimi ulilishika, na Mwalimu alimtazama bila kuomba, kama vile hakuna cha kuomba. Pengine angeomba ingekuwa rahisi. Lakini Seremala alimwona Fundi ameegemea kitanda kile cha pili, vidole vyake viko kwenye chuma chenye mnyororo, na hata yeye mwenyewe hakujua vimefikaje.

"Mengine hakuniuliza, afande."

Ulikuwa ukweli mtupu, hakuna wa kuupinga. Na wodi nzima ikaisikia harufu yake.

Kapteni akaikunja karatasi. Akasema basi, machimbo. Treni ya machimbo ya mawe ilikuwa inaondoka jioni, na sina haja ya kukueleza machimbo ni wapi, maana walioenda hakuna aliyerudi kueleza. Askari mmoja akaanza kufungua kufuli la mnyororo. Kapteni, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, akauliza swali ambalo sheria ilimtaka aulize: je, mateka ana mzazi, mke au mtoto upande huu wa reli? Maana vita vilipasua familia nyingi, na wakubwa wa pande zote mbili walikubaliana kwamba mwenye mtu wake upande huu hapelekwi machimboni. Hukaa gereza la mjini, akingoja kubadilishwa na wa kwetu walioko kwao.

"Sina," Mwalimu akasema, macho sakafuni.

Alilisema upesi mno. Lakini nani alikuwa na masikio ya kupima upesi?

Fundi aliutazama mguu ule wenye jeraha ukishushwa kitandani. Alimtazama Seremala, aliyekuwa ameugeukia ukuta. Alijua ni nani aliyeileta karatasi ile hapa, na halikuwa jeshi, wala reli, wala adui. Ni yeye, kwa kalamu yake, baada ya kula na kushiba, kwa sababu ya mwandiko mzuri.

"Anaye mke, afande," akasema.

"Yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mkasi wa nesi ulianguka ukapiga sakafu. Hakuna aliyegeuka kuutazama, hata mimi siku hiyo niliona ni mshangao wa kawaida.

Kapteni alimzunguka Fundi polepole. Akamwuliza basi alikuja kumwona nani, maana mlinzi wa lango ameandika kwamba amekuja kwa Seremala.  Kapteni akaenda kitandani kwa Seremala, akamtaka ageuke, akamwuliza huyu mwanamke ni nani wake, na akamwonya kwamba leo ameshasema kweli mara moja, asiharibu.

Seremala akageuka. Nataka umwone vizuri hapa, msomaji, kwa sababu wiki iliyopita wengi wenu mliniandikia kumtetea, na dakika tano zilizopita najua mmemlaani. Uso ulikuwa umemvimba kwa aibu. Alimtazama Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu pazia livutwe, Fundi naye alimtazama yeye peke yake. Akisema ni mchumba wangu, Mwalimu anakwenda machimboni na Fundi anakwenda jela kwa uongo. Akisema yale mengine, anampoteza kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mashahidi.

"Ni mke wa huyu," akasema. "Mimi ndiye niliyejipenyeza, afande. Nilikuwa simjui mumewe. Nimekuja kumjua humu humu."

 Kisha kitu ambacho hakikutarajiwa: Kapteni akacheka. Si kicheko kizuri, lakini kilikuwa kicheko. Mambo yote yalikuwa yamejipanga kichwani mwake kama vifungo vyake. Kumbe mateka alikuwa akimwandikia mkewe kwa jina la hawara wa mkewe, akaona aibu kumkiri, na hawara mwenyewe ndiye anayelipia stempu. Hakuna upelelezi hapo. Hapo pana ujinga wa kitandani tu, na jeshi lina ujinga mkubwa zaidi wa kushughulikia.

Ila jambo moja lilimsumbua. Akamwinulia Fundi ile karatasi ya mashtaka. Mwandiko huu ni wa nani?

"Wangu."

"Umemshtaki mume wako mwenyewe?"

"Nilidhani anamwandikia mwanamke mwingine," Fundi akasema. "Ni wivu, afande."

Kapteni akatingisha kichwa kwa huruma ya kweli, mtu mwenye mke nyumbani. Akatoa amri. Mateka apelekwe gereza la mjini sasa hivi, kwa lori lile lile la magwanda linalorudi tupu. Mke aende naye aandikishwe, na tangu leo awe anajitokeza gerezani kila wiki, asiondoke mjini. Na nesi afuatane na mgonjwa, maana jeraha bado bichi na mateka aliyekufa njiani habadilishwi na mtu.

Fundi hakuruhusiwa kumkaribia Seremala. Angemkaribiaje, na mumewe yuko kwenye machela? Alipopita mbele ya kitanda alipunguza mwendo. Alitaka amtukane, alitaka amshukuru, alitaka amwambie nitarudi. Seremala ndiye aliyetangulia, kwa sauti ya kusikika na wote, kwa sababu ilikuwa lazima isikike.

"Safari njema, shemeji."

Neno dogo, la heshima, mnalitumia kila siku. Fundi alilibeba mpaka nje kama mtu aliyechomwa mwiba anayekataa kuchechemea.

Lori lilikuwa uwanjani, injini inanguruma. Dereva, yule yule aliyemleta asubuhi akimtania kwamba wivu huu ungetosha kusukuma gari bila mafuta, alimwona anarudi na mateka, askari na nesi. Akafungua mdomo, akautazama uso wa Fundi, akaufunga. Askari akapanda mbele na dereva. Nyuma waliwekwa wengine, kati ya magunia matupu: Mwalimu kwenye machela, uso umekuwa wa majivu kwa maumivu ya kubebwa, Fundi upande mmoja, nesi upande wa pili.

Walitoka langoni, wakaipita njia panda, wakaingia barabara ya vumbi. Lori likaruka shimo. Mwalimu akaguna, na mkono wa nesi ukaenda kwenye paji lake kabla Fundi hajajua kwamba kumetokea kitu. Ukabaki pale. Si mkono wa kupima homa. Mkono wa kupima homa hauna haja ya kupapasa nywele.

Fundi akauangalia.

Msomaji, yeye ni fundi. Anajua kutofautisha kitambaa kilichoshonwa leo na kilichovaliwa miaka.

"Wewe ni nani wake?" akauliza.

 Nesi alitazama mbele, kule kwenye kioo kidogo kinachotenganisha sehemu ya dereva. Kofia ya askari ilikuwa inacheza kwa usingizi. Ndipo akasema, bila kuinua sauti, kama anayesoma kipimo cha joto:

"Nimekaa karibu naye tangu siku aliyoletwa, sijamwita jina lake hata mara moja. Nimemwosha, nimemlisha, nimemfunga mnyororo kwa mikono yangu askari akitazama. Wewe umefika asubuhi. Mchana ameshakuwa mume wako."

Kisha yakatoka yote, taratibu. Waliooana walikuwa wao. Vita vilipoanza Mwalimu alikuwa amekwenda ng'ambo kuzika baba yake, reli ikafungwa nyuma yake, na huko akavishwa gwanda. Nesi, ili apate kazi ya jeshi, aliapishwa kwamba hana mtu yeyote upande ule. Wenzake waliosema ukweli walichukuliwa, hawajaonekana. Halafu siku moja machela ikaingia wodini, akafunua uso wa majeruhi, na akalazimika kuuliza kwa sauti ya kawaida: jina lako nani?

Kuzungumza hawakuweza. Masikio yalikuwa kila kitanda. Ila mateka aliruhusiwa jambo moja na wodi nzima: kumsomea Seremala kwa sauti barua alizomwandikia.

"Alikuwa anasoma kwa sauti," nesi akasema. "Mimi nikipita na trei."

 Fundi akaziona barua zake zote, moja baada ya nyingine, zikimgeuzia mgongo. Aliposema kuna mwanamke hakukosea. Mwanamke alikuwepo, tena nesi, tena wa Wodi ya Tatu. Machozi aliyoyamwaga juu ya mto aliyamwagia mapenzi ya watu wengine, na ujumbe mmoja tu ndio uliokuwa wake kweli: namkumbuka. Na huo aliuona mfupi.

Akamwuliza kwa nini basi hakusema pale, Kapteni alipouliza. Sauti yake haikuwa ya kirafiki. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetoa kitu cha thamani akaambiwa hakikuhitajika.

Nesi akasema angesema, wangekufa wote wawili. Akasema anashukuru. Alilisema neno hilo la kushukuru huku ameuma meno, akamtazama Fundi kwa jicho ambalo Fundi alilitambua haraka, kwa kuwa lilikuwa lake mwenyewe, asubuhi ile ile, nyuma ya pazia.

"Utakuwa unakwenda kumwona kila wiki," nesi akasema. "Wewe. Utapeleka chakula. Utaketi naye. Watakuita mke wake mbele yangu, na mimi nitarudi wodini kufunga bendeji za mchumba wako."

Fundi hakupenda alivyolisema hilo la mwisho.

Mwalimu alikuwa amefumbua macho. Alitazama upande mmoja, akatazama upande wa pili, na mwanamume yule aliyekuwa na neno kwa kila kitu hakupata hata moja. Akayafumba tena, na sidhani ilikuwa ni maumivu.

Lori likapunguza mwendo. Ukuta mrefu ukaja, na lango la chuma, na sajenti mnene aliyetoka kivulini akiwa na kitabu cha kuandikishia kwapani. Askari wa mbele akaamka, akamkabidhi amri ya Kapteni. Sajenti akaisoma mara mbili akisogeza midomo. Akaja nyuma, akaangusha ubao wa lori, akawaona wanawake wawili na machela katikati.

Alieleza taratibu zake kwa uchovu. Kwamba mateka anaingia. Kwamba mke anashuka, anaandikishwa na kuapishwa kwa alama ya kidole, na akigundulika si mke, adhabu yake ni machimbo, yeye na huyo anayemdai. Asiye mke abaki garini, arudi alikotoka.

"Haya," akasema, akilamba kidole kufungua ukurasa. "Mke asimame."

Fundi akasimama, kwa kuwa alikwisha kusema na hakuna pa kurudi.

Na ng'ambo ya machela, taratibu, mkono umeshika ubao wa pembeni, nesi naye akasimama.